Sahani Hii, Nani Ailipe?

Ndugu msomaji, tangu utoto nilifundishwa kwamba mgeni anayelipa fedha bado ni mgeni. Hilo nililishika barabara, na kwa kuwa nililishika nikadhani ninayo haki ya kumfokea yeyote atakayelisahau. Lipo la pili ambalo sikulijua, nalo ni kwamba anayekuletea sahani mezani si lazima awe ndiye mwenyeji wako. Kisa kilichonifundisha hilo nitakieleza kama kilivyotokea, pamoja na sehemu zake zinazoniaibisha.

Nilikuwa safarini na mama yangu mzazi. Nilimchukua Mwanza alikokwenda kutibiwa macho, nikawa ninamrudisha nyumbani wilayani Bariadi. Jicho lake moja lilikuwa limefungwa bendeji, na jingine halikuwa na nguvu za kutosha. Tulipofika Sapiwi gari tulilokodi likapata pancha, na dereva akatutangazia kwamba gurudumu la akiba nalo halina upepo. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Aliyepata kusimama kando ya barabara za Usukumani saa hizo, katika miezi ambayo pamba imekwisha vunwa na mashamba yamebaki vumbi, ataelewa kwa nini tulikimbilia kivuli cha kwanza tulichokiona. Kivuli hicho kilikuwa ni cha hoteli.

Jina la hoteli ile sitalitaja. Si kwa kuogopa, bali kwa sababu ziko nyingi za namna yake, Sapiwi na kwingineko, na ningeitaja moja nyingine zingejiona zimesalimika.

Kwanza nimweleze msomaji mama yangu ni nani katika mambo haya ya chakula. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipika na kuuza langoni pa kiwanda cha kuchambulia pamba. Wapishi wa namna hiyo watu waliwaita mama ntilie, jina linalofuata sauti ya mteja anyooshaye sahani na kusema, “Mama, nitilie!” Baadaye likaenea jina lenye heshima zaidi, mama lishe. Kwa majina yote mawili alinivisha, akanilisha na kunisomesha mpaka nikapata stashahada ya uandishi wa habari. Kwa hiyo nilipomketisha katika hoteli ile nilikuwa nimemketisha mtu anayezijua siri za chungu kuliko mimi nizijuavyo siri za kalamu.

“KIPO”

Juu ya mlango palikuwa na ubao uliopakwa rangi vizuri. Kwa kuwa mama hakuweza kuusoma, nilimsomea: pilau, wali kwa nyama, ugali kwa samaki, kuku wa kienyeji, maini, ndizi, chapati na supu. Mama akatabasamu, akasema kuwa watu wa hapa wamekuwa matajiri. Akaagiza ugali wa mtama na sato wa kuchemsha, chakula ambacho mtu aliyekulia karibu na Ziwa huweza kukila mwaka mzima asikichoke. Nami nikaagiza kichohicho.

Aliyetupokea alikuwa binti wa miaka kumi na tisa au ishirini hivi. Alipiga goti kidogo akamwamkia mama, “Shikamoo, mama,” naye mama akamwitikia, “Marahaba, mwanangu.” Nikamwuliza kama sato yupo.

“Yupo, kaka.”

“Wa kuchemsha?”

“Yupo.”

“Na ugali ni wa mtama?”

“Upo, kaka.”

Tukakaa. Televisheni ilikuwa ikipiga kelele pasipo mtazamaji. Nyuma ya kaunta alikaa bwana mmoja, mtu mzima mwenye afya njema, ameinamia simu yake. Zikapita dakika ishirini, kisha arobaini. Binti alipita mara tatu mbele yetu, kila mara akitazama upande mwingine, kama mtu anayedaiwa.

MEZA YA WAKOREA

Ili kumpitishia mama wakati nilianza kumsimulia kisa kingine kilichonipata Dar es Salaam miezi michache kabla ya hapo. Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari alikuwa amepata bahati ya fedha, tukaenda kula katika mgahawa wa Kikorea ulioko upande wa Msasani. Kabla ya kwenda nilikuwa nimesoma habari za meza ya Wakorea, na nilichosoma kilinivutia sana.

Wakorea hawali sahani moja wakaridhika. Pamoja na wali na supu huwekwa vibakuli vingi vya vitoweo vidogovidogo: mboga zilizotiwa ufuta, dagaa waliokaangwa, figili, na kimchi, ambayo ni kabichi iliyotiwa chumvi, pilipili na vitunguu saumu ikaachwa ichachuke. Kazi ya kutengeneza kimchi ya majira ya baridi hufanywa na jamaa na majirani pamoja, kisha wakagawana. Mwaka 2013 desturi hiyo ya Korea Kusini iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Katika mikahawa ya kwao vibakuli hivyo aghalabu havitozwi fedha, na kikiisha kimoja mgeni huongezewa. Nyama huchomwa palepale katikati ya meza, mbele ya macho ya mlaji. Bakshishi si desturi yao. Na mdogo haanzi kula kabla mkubwa hajashika kijiko.

“Hao ni watu,” mama alisema.

Nikamweleza kwamba watu hao sikuwakuta. Tulichokikuta ni vibakuli vitatu vyenye kijiko kimoja kimoja cha mboga, na tulipoomba tuongezewe kimchi tuliongezewa, kisha ikaandikwa katika hesabu. Nyama ililetwa ikiwa bado na barafu katikati. Ilipowekwa motoni ikatoa maji, ikachemka badala ya kuchomeka. Moto wenyewe ulizimika mara mbili. Nilipomwuliza mhudumu, kijana wa Kitanzania aliyevaa nadhifu, kwamba katika kibakuli fulani kuna nini, alijibu kwamba hajui, kwa maana wao hawaruhusiwi kuonja. Mwishoni ikaja hesabu ya shilingi laki moja na elfu arobaini kwa watu wawili, na chini yake imeongezwa asilimia kumi ya huduma.

Mama alicheka mpaka akashika bendeji yake. “Huduma ipi?” akauliza. Nami nikacheka. Wakati ule sikuona kwamba kisa kile kilikuwa na mkia ambao ungekuja kunipiga.

“NINAKATWA MIMI”

Chakula kikaja. Kwanza yaliletwa maji ya kunawa katika jagi, pasipo sabuni, pamoja na beseni lenye maji ya waliotutangulia. Kisha sahani. Ugali haukuwa wa mtama. Ulikuwa wa mahindi, na ulikuwa umepikwa tangu asubuhi, maana ulikuwa umefanya ngozi juu, na ulipomegwa ulivunjika kama udongo mkavu. Samaki hakuwa sato wala hakuchemshwa. Alikuwa ni vipande vya mkia wa sangara vilivyokaangwa, kwa kukadiria, jana yake. Vilikuwa baridi na mafuta yameviganda. Pembeni kulikuwa na mlenda wenye mchanga.

Hapo, ndugu msomaji, nilisimama. Nilimwita yule binti kwa sauti iliyowageuza hata watu waliokuwa nje. Maneno yote niliyomwambia sitayaandika, lakini moja nitaliandika ili liwe adhabu yangu: nilimwuliza kama kusema uongo amefundishwa na wazazi wake. Nikamwambia kwamba mama yangu ni mgonjwa, kwamba amengoja karibu saa nzima, na kwamba sitalipa hata senti moja.

Binti hakubisha. Alisimama ameshika trei mbele ya tumbo lake kama ngao, akasema kwa sauti ndogo: “Nisamehe, kaka. Lakini usipolipa, ninakatwa mimi.”

“Unakatwa nini?”

“Mshahara. Sahani isiyorudi na fedha ni yangu.”

Nilikuwa tayari kuendelea, maana hasira ikishapata mwendo haisimami kwa sababu tu imeonyeshwa shimo. Mama ndiye aliyenisimamisha. Alikuwa amevishika vile vipande vya samaki kwa vidole, akivipima kama mtu anayepima kitambaa. “Mwache,” alisema. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo kichwa cha makala haya: “Sahani hii, nani ailipe?”

Akamvuta binti karibu, akaanza kuzungumza naye kwa Kisukuma, taratibu, kama wanaozungumza watu wa nyumba moja. Katika dakika tano alipata habari ambazo mimi, mwenye stashahada ya kutafuta habari, sikuzipata kwa saa nzima. Mpishi alikuwa ameacha kazi siku tatu nyuma. Tangu hapo binti alikuwa peke yake: kuwasha moto, kuteka maji, kupika, kuhudumu na kuosha vyombo. Sato hakuwapo tangu juzi. Na kuhusu lile neno “yupo” alilonijibu, alikuwa ameagizwa. Aliambiwa kwamba mgeni asiambiwe kamwe kuwa kitu hakipo, kwa kuwa akiambiwa ataondoka. Akishakaa na kuona njaa atakula chochote kitakacholetwa.

Aliyemwagiza hivyo alikuwa hatua sita kutoka mezani petu, nyuma ya kaunta. Alikuwa amesikia kila neno nililomfokea mtumishi wake, na hakuinua uso kutoka katika simu.

Mama aliinuka, nikamshika mkono, tukaenda pale kaunta. Akamsalimu bwana yule, “Mwadila, baba,” naye, kwa kuwa hakuna Msukuma awezaye kuiacha salamu ya mtu mzima ikaanguka chini, akaitikia, “Mwadila, mayu.” Mama akafungua fundo la kanga yake akatoa shilingi elfu tisa za sahani mbili, akaziweka juu ya kaunta. Kisha akasema kwa sauti ambayo watu wa meza ya pili hawakuisikia:

“Fedha hii ni ya sahani, ili mtoto yule asiikatwe. Chakula sikukila. Samaki wako ni wa jana, na ugali ni wa asubuhi. Mimi nimepika langoni pa kiwanda miaka kumi na minne. Kikiisha, nilisema kimeisha, na kesho yake walirudi. Chakula kuisha si aibu, baba.”

Bwana yule alisema kwamba biashara ni ngumu, kuni na mafuta vimepanda bei, na wafanyakazi wa siku hizi hawakai. Mama akamjibu kwamba anayajua hayo yote. Bwana hakuomba radhi. Alizihesabu zile fedha, akazitia katika droo. Nami sitajidai kwamba niliona uso wake umebadilika, kwa sababu haukubadilika.

Gurudumu lilikuwa tayari. Tulinunua ndizi kwa mama mmoja aliyezipanga kwenye ungo kando ya barabara, tukazila ndani ya gari. Baada ya kimya kirefu mama akaniuliza:

“Yule wa Kikorea, ulimwambia nini?”

“Sikumwambia kitu, mama.”

“Ulilipa?”

“Nililipa.”

“Na ile asilimia kumi?”

“Nayo nililipa.”

Hakuongeza neno. Aliendelea kumenya ndizi yake. Nami nikabaki na hesabu yangu: mahali palipokuwa na vitambaa mezani, na meneja mwenye tai, niliibiwa zaidi nikasema ahsante. Mahali palipokuwa na binti mmoja aliyechoka, nilipaza sauti nikawa shujaa wa haki za wateja.

YANAYOPASWA KUSEMWA KWA MWENYE HOTELI

Makusudi ya ukurasa huu si kuungama peke yake, kwa hiyo yafaa tuyatazame mambo haya kwa utulivu, tukianza na mwenye hoteli.

La kwanza ni afya. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo matano ya usalama wa chakula, ambayo mama lishe yeyote anaweza kuyafuata: kuweka usafi, kutenga kibichi na kilichopikwa, kupika mpaka kiive hasa, kukiweka chakula katika joto linalofaa, na kutumia maji na vitu salama. Chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Kikingojea mlaji kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 za sentigredi, na kikirudishwa motoni kifike nyuzi 70 mpaka ndani. Sababu yake ni nyepesi: kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana upesi, na mchana wa Simiyu umo katikati kabisa ya vipimo hivyo. Samaki aliyekaangwa jana, akalala kwenye sinia, akapakuliwa leo baridi, ni mtihani ambao mlaji hakuomba kuufanya. Mkoa wa Simiyu ulionja kipindupindu mwanzoni mwa mwaka 2024; haupaswi kukumbushwa umuhimu wa maji safi na sabuni mlangoni pa hoteli.

La pili ni ukweli wa ubao. Ubao wa vyakula ni ahadi. Si lazima uwe na vyakula vinane. Ukiwa na viwili vilivyopo, vya moto, unatosha. Mama alipokuwa akipika aliuza ugali, mboga moja, na kitoweo kimoja kilichobadilika kwa siku. Na hapa Bariadi hatuna upungufu wa vitu vya kumpa mgeni asiyemkuta samaki. Ipo michembe, yale matole ya viazi vitamu yaliyokaushwa juani, ambayo haihitaji barafu wala jokofu. Zipo choroko na dengu za mashambani mwetu. Yapo maziwa ya mgando. Ningeambiwa siku ile, “Kaka, samaki hatuna, lakini zipo choroko za moto,” tungekula tukashukuru, na leo ungekuwa unasoma makala nyingine.

La tatu ni makato. Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu desturi ya kumkata mhudumu fedha za sahani iliyokataliwa imekuwa kama jambo la kawaida, na wengi wanaokatwa hawajui kwamba sheria inayo la kusema. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimpi mwajiri uhuru wa kukata atakavyo. Ili amkate mfanyakazi kufidia hasara, lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima mwajiri amwarifu kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi alivyokihesabu. Lazima ampe nafasi ya kutosha ya kupinga. Asimdai zaidi ya hasara yenyewe, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Sasa, samaki wa jana ni kosa la nani? La aliyembeba kutoka jikoni hadi mezani, au la aliyeagiza auzwe?

Mfanyakazi mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na ikiwa ameachishwa kazi, siku 30. Najua binti wa jikoni mwa hoteli ya kijijini hana nauli ya kuzunguka ofisini. Lakini mzazi aliyemruhusu aende kufanya kazi anaweza kuuliza, kabla hajamruhusu: atalipwa kiasi gani, atalala wapi, na kikiharibika kitu itakuwaje? Maswali hayo matatu huulizwa vizuri zaidi siku ya kwanza kuliko siku ya kulia.

La nne ni mafunzo. Tangu ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, VETA imefundisha vijana wengi ufundi, yakiwamo mapishi na huduma za hoteli. Lakini si kila hoteli ya barabarani itaajiri mwenye cheti, wala si lazima. Mafunzo ya kwanza hutolewa na mwenye hoteli mwenyewe, kwa kumwonjesha mhudumu kile anachokiuza. Kijana wa Msasani hakujua kilichomo katika kibakuli kwa sababu hakupata kukionja. Binti wa Sapiwi aliuza sato ambaye hata yeye hakumwona. Mtu aliyezuiwa kuonja na kuzuiwa kusema ukweli, mafunzo gani mengine yatamsaidia?

NA KWA SISI WATEJA

Baada ya hapo tugeukie upande wetu. Siwaambii wateja wanyamaze. Mteja anayenyamaza mbele ya chakula kibovu anamponza atakayekuja nyuma yake. Nasema tu kwamba malalamiko yana anwani, kama barua. Yakipelekwa nyumba isiyo yake yanamwumiza mpokeaji na hayamfikii mhusika.

Kabla ya kukaa, omba kuona kilichomo katika chungu. Mama lishe mwaminifu atakifunua kwa furaha. Chakula kikiwa kibaya, mwite mwenye hoteli, si aliyebeba trei. Sema lililo kweli na uishie hapo. Usitaje wazazi wa mtu. Ukiamua kutolipa, mwambie mwenyewe, na uhakikishe mbele ya mhudumu kwamba deni halitahamia kwake. Na jambo la mwisho, ambalo najiambia mimi kabla ya kumwambia mwingine: pima sauti yako ya hoteli ndogo kwa sauti yako ya hoteli kubwa. Ikiwa ya kwanza inasikika hadi barabarani na ya pili haitoki kooni, unachokitetea si haki ya mteja.

NILIRUDI SAPIWI

Siku tisa baadaye nilikuwa narudi Mwanza peke yangu. Nilimwomba dereva asimame Sapiwi. Nilikuwa nimekwisha panga maneno yangu; nilitaka kumwomba radhi yule binti, hasa kwa lile neno la wazazi wake. Nilikuwa pia nimebeba kifurushi cha michembe ambacho mama alinipa, akisema, “Mpe mwanangu yule.”

Ubao ulikuwa palepale, vyakula vinane. Televisheni ilikuwa ikipiga kelele. Bwana wa kaunta hakuwapo. Aliyekuja mezani alikuwa binti mwingine, mdogo zaidi, mwenye trei ileile.

Nikamwuliza habari za mwenzake.

“Alishaondoka,” akasema.

“Amekwenda wapi?”

“Kwao.”

“Aliacha kazi au aliachishwa?”

Alitazama kule kaunta, ingawa hapakuwa na mtu. “Mimi nimekuja juzi tu, kaka.”

Sikujua kwao ni wapi. Kwa muda wote ule ambao nilimfokea sikuwa nimemwuliza hata jina. Mama alimwuliza, lakini kwa Kisukuma cha haraka, nami nilikuwa nimekasirika mno kuweza kusikiliza. Niliagiza chai na chapati. Nilimwuliza, “Chapati ipo?” Akasita kidogo, akatazama jikoni, kisha akasema ipo. Ililetwa. Haikuwa ya moto, lakini ilikuwa chapati. Nikailipa, nikamwachia kifurushi cha michembe, nikaondoka.

Jioni mama alinipigia simu kuniuliza kama nilimwona mwanawe. Nikamwambia kweli. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama zile shilingi elfu tisa zilimfaa kitu. Nikamwambia sijui. Hadi leo sijui kama binti yule aliondoka kwa hiari yake, au kwa sababu mteja mmoja mwenye sauti kubwa alimfanya bosi wake aseme kwamba anafukuza wageni.

Ndugu msomaji, pengine nawe utapita Sapiwi, au Sapiwi ya kwenu, ukaletewa samaki wa jana na binti anayetazama upande mwingine. Mwulize jina lake kwanza. Kisha mwulize mwenye hoteli yuko wapi.